Mwaka Mpya Umekwama Kwenye Waya

Alhamisi, 26 Desemba

Lisbeth ameondoka. Bata wa Krismasi ameisha, viazi vimeisha, mimi nimebaki na sentensi moja kichwani. Aliitoa akiwa mlangoni, anavaa glavu. Baba, ukianguka tena mwaka mpya huu, unakwenda Solbakken, nimeshaongea nao, kuna chumba kimebaki wazi. Halafu akanibusu. Ndivyo alivyo binti yangu. Anakuhukumu huku anakufunga kifungo cha koti.

Solbakken! Nyumba ya wazee. Nilikwenda mara moja kumwona mwenzangu wa kiwandani. Televisheni moja ukumbini kwa wote, na rimoti iko mfukoni mwa muuguzi. Jua halijatua vizuri, wazee wote wameshalazwa. Chumba kilicho wazi kinatazama maegesho ya magari. Siogopi. Mimi Ejnar Kjeldgaard nimechoma matofali tangu utotoni, nusu ya makanisa ya mkoa wetu wa Jutland yamesimama kwa mkono huu. Sikulala vizuri, hilo kweli. Nadhani ni bata.

Niandike jinsi ilivyokuwa mwaka jana, maana Lisbeth anaisimulia vibaya. Saa sita usiku kila mtu yuko juu ya kiti chake mbele ya televisheni. Kengele ya jumba la jiji inalia, tunaruka kuingia mwaka mpya. Asiyeruka anabaki na mikosi ya mwaka wa zamani. Marehemu mke wangu, Asta, kuna mwaka hakuruka, goti lilimuuma. Kabla ya Pasaka tukamzika. Sisemi kitu. Nataja tu.

Basi mwaka jana niko juu ya kiti. Redio ya jikoni ikapiga kengele. Nikaruka, safi kabisa, kama kijana. Kuinua macho: kwenye televisheni bado mwaka wa zamani! Mshale wa saa haujafika! Ningefanya nini? Nikapanda tena mbio mbio, nikaruka mara ya pili. Hapo ndipo mkono ulipovunjika. Sasa nauliza, kosa la nani? La mguu? La uzee? Kosa la televisheni, iliyochelewa! Na ilichelewa kwa sababu ya waya mwembamba wa dijitali, ule unaotoka kwenye king'amuzi. Aliununua Lisbeth mwenyewe.

Picha ikifika kwa wakati, nitaruka mara moja. Nikiruka mara moja, sianguki. Nisipoanguka, siendi Solbakken. Kichwa changu bado kinachoma vizuri, kama tanuru.

Jioni jirani Verner kashangilia goli huko upande wa pili wa ukuta. Nikangoja. Nikangoja tena. Goli likanifikia mimi limeshapoa. Kila siku ni hivyo! Yeye ana televisheni kuukuu, nene kama jiko. Analojia tupu!

Daktari kasema niandike kidogo kila siku ili mkono ulegee. Umelegea. Natafuta waya mnene.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimekwenda mjini na kigari changu cha umeme. Barafu tupu. Nilishuka kilima cha kanisa nikiwa ubavu mbele. Watu walinipisha kwa heshima.

Dukani yupo Ulla, mama mwenye miwani ya kamba. Nikamwambia nataka waya wa analojia, wa zamani, wa kiume. Akauliza una tatizo gani, mzee wangu? Nikamweleza. Akasema kuchelewa hakuko kwenye waya, kuko kwenye king'amuzi na huko picha inakotoka. Akasema ndani ya waya zote mbili picha zinakwenda mbio sawasawa, tofauti ni usafi tu, na dijitali ndiyo safi zaidi. Akasema usitupe pesa yako, babu.

Nikamwuliza swali moja. Dijitali si ni hesabu? Akasema kwa namna fulani ndiyo. Nikasema haya basi! Picha inageuzwa hesabu upande huu, inarudishwa kuwa picha upande ule. Anayehesabu anachelewa. Mimi mwenyewe nikihesabu nachelewa. Analojia haihesabu, inapita tu kama maji kwenye bomba. Ulla akavua miwani akaifuta. Akainama chini ya kaunta.

Kautoa kwenye sanduku chini kabisa. Waya mnene kama mkia wa ng'ombe, plagi pana kama kitana cha farasi, meno safu mbili. Huo ndio waya! Akauliza mfupi au mrefu. Nikamwambia mrefu kuliko yote, sikuja kununua vipande. Mita tano!

Kurudi nilisukuma kigari. Si kwa woga. Nilitaka mazoezi.

Jumamosi, 28 Desemba

Siku mbaya.

Nilivaa buti za mpira na glavu za kuoshea vyombo, maana umeme ni umeme. Nikazima televisheni, nikazima king'amuzi, nikazima taa, nikazima friji pia. Nikapiga magoti nyuma ya televisheni gizani. Waya mwembamba ukatoka kirahisi, kama jino bovu. Ule mnene ukagoma kuingia. Nikaugeuza. Ukagoma. Nikaugeuza tena. Nikausukuma kwa goti. Ukaingia, ukalia kama mfupa unaovunjika. Nikakaa kimya nione kama nimekufa. Sikufa.

Nikawasha. Buluu! Skrini nzima buluu, bila picha, bila sauti, bila mtu. Nikabonyeza rimoti. Buluu. Nikaipigapiga pajani. Buluu. Kwa dakika kadhaa nilikuwa nayaona maegesho ya Solbakken waziwazi.

Simu ikalia. Lisbeth! Baba, unafanya nini? Nikasema kwa sauti ya mtu aliyekaa vizuri kwenye kiti, naangalia mpira wa mikono. Akasema hata mimi naangalia mechi hiyo hiyo, nzuri eeh? Moyo ukashuka mpaka kwenye buti. Nikachukua glasi, nikaiweka ukutani, nikatega sikio kwa Verner. Verner akanguruma. Nikasema haraka, goli!

Lisbeth akasema goli gani, baba? Bado wanapasiana katikati. Nikaibana simu sikioni. Halafu nikaisikia televisheni yake, kule anakoishi Aarhus, ukumbi mzima ukishangilia. Lisbeth akauliza umejuaje? Nikasema mtu aliyetazama moto wa tanuru maisha yake yote ana jicho. Nikaona nimetoka salama, na ningetulia hapo. Lakini Verner akanguruma tena, na mimi sijui kutulia. Nikasema lingine hilo! Na likaja.

Akaanza kuongea polepole, kwa ile sauti ya kuongelea na mtoto aliyepanda dirishani. Baba, kichwa kinakuuma? Unasikia sauti? Nikasema nasikia ukutani tu. Afadhali nisingesema.

Anakuja. Mwaka mpya alikuwa aende kwa rafiki zake, kaahirisha. Anakuja Jumanne, analala hapa, atakagua kila kitu. Kila kitu! Ndivyo alivyosema.

Friji nimesahau kuwasha. Siagi imekuwa supu.

Jumapili, 29 Desemba

Verner kaja mwenyewe. Kasema amesikia mtu anagonga ukuta wake kwa glasi, akadhani naomba msaada. Nikasema naua nzi. Akasema Desemba hii? Akaingia bila kukaribishwa, kama ilivyo tabia ya watu wa posta, miaka yote aliingiza barua kwenye milango ya watu. Akaona skrini ya buluu. Akachukua rimoti, akabonyeza kitufe kimoja, picha ikatokea.

Nilikuwa karibu kukibonyeza mimi.

Picha yenyewe? Nzuri. Watu wamekuwa wa zambarau kidogo na nyuso zimetanuka kama maboga. Ni analojia, ina mwili. Shida ni uzito. Plagi inaning'inia, inateleza, picha inakatika. Nikaiwekea kiatu changu cha mbao kwa chini, kiishikilie. Sasa imesimama imara. Wahandisi hawana akili hii.

Tukafanya jaribio. Verner arudi kwake, taarifa ya habari ikianza kila mmoja agonge ukuta. Verner akagonga. Mimi picha bado. Kisha ndio ikaja, nikagonga. Nikamwambia amegonga mapema makusudi. Akanijibu kupitia ukutani, kwa sauti jengo zima lisikie. Ejnar bwana, wewe na waya zako ni kama mtu anayebadilisha kamba za viatu ili basi liwahi! Ng'oa hilo boksi, mzee! Chukua waya wa antena wa ukutani, uchomeke moja kwa moja kwenye tivii kama mimi, basi!

Nikamwambia mtu wa posta hawezi kunifundisha habari za kuwahi. Akacheka mpaka akakohoa. Na akohoe.

Lakini usiku nimewaza. Kama bado inachelewa? Niko juu ya kiti, Lisbeth ananitazama, ukuta unasema mwaka mpya, skrini inasema mwaka wa zamani. Niamini kipi? Nikingoja skrini, nimechelewa. Nikisikiliza ukuta, halafu skrini... Najijua. Nitaruka mara mbili. Nisiporuka, kuna habari ya Asta.

Taa nimeiacha inawaka. Si kwa sababu yoyote.

Jumatatu, 30 Desemba

Mipango miwili! Yote yangu.

Wa kwanza. Nimechomeka waya zote mbili pamoja, mwembamba na mnene, zishindane. Itakayowahi ndiyo ishike skrini. Nimejaribu. Televisheni inataka uchague moja kwa rimoti. Imetengenezwa na watu waoga. Hata hivyo nimeziacha zote mbili, zioneane wivu.

Wa pili ndio mkubwa. Kinachoniponza si picha, ni kengele za pembeni. Redio ya jikoni nimeitoa betri, nimezificha kwenye kopo la mkate. Akabaki Verner. Televisheni yake ikipiga kengele kupitia ukutani nimekwisha. Sasa, Verner akiwa kwangu, televisheni yake itakuwa imezimwa! Nikamgongea mlango. Nikamwambia jirani, kesho njoo tule samaki, Lisbeth anakuja. Akauliza unaumwa? Nikasema ni ujirani tu. Akakubali, akasema ataleta keki ya lozi. Macho yakamlowa kidogo. Tangu mkewe amkimbie anakula mwaka mpya peke yake na paka.

Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Jumanne, 31 Desemba, alasiri

Lisbeth kafika. Anakagua. Amefungua friji, amenusa siagi. Amekata mkate, akatoa betri nne kwenye kopo. Akaziweka mezani kwa mstari. Kisha akainama nyuma ya televisheni. Akauliza baba, hiki kiatu kinafanya nini hapa? Nikasema kinapumzika. Akauliza na hizi waya mbili? Nikasema moja ni ya akiba. Akauliza na glavu za vyombo? Hapo nikaenda chooni.

Nilipotoka alikuwa anaongea na simu barazani, kwa sauti ya chini. Nilisikia neno chumba. Huenda alisema chumba cha hotelini. Huenda alisema chumba cha kulia.

Ametoa amri. Wewe baba hupandi kiti mwaka huu. Utaruka kutoka kwenye zulia. Kutoka kwenye zulia! Kutoka chini kwenda chini! Hiyo ni kuruka? Hiyo ni kukanyaga. Mikosi itanicheka. Nikamwambia mama yako hakuruka na unajua yaliyompata. Akasema mama alikuwa na saratani, baba. Akageuka dirishani.

Saa kumi na mbili ni hotuba ya Malkia kwenye televisheni, tutasimama na glasi mkononi. Sosi ya haradali iko jikoni. Picha imetulia. Kiatu kimeshika. Nimekikagua mara tatu, si kwa wasiwasi.

Jumatano, 1 Januari

Mungu wangu. Niandike kwa utaratibu.

Malkia alikuwa wa zambarau lakini alihutubia vizuri. Samaki alikuwa mzuri. Verner alivaa tai. Alimsifu Lisbeth, akamsifu samaki, akaisifu hata picha, akasema inafanana na chupa ya dawa ya kikohozi. Nilivumilia. Televisheni yake imezimwa, nikawaza, na avume tu.

Dakika za mwisho Lisbeth akapanda kiti chake. Verner akapanda cha pili. Mimi zuliani, kama mbwa. Verner mzito, kiti kikatikisa sakafu, sakafu ikatikisa kabati. Nikasikia kiatu cha mbao kikianguka nyuma.

Buluu!

Lisbeth akapiga kelele, baba! Sikungoja. Nikajitupa nyuma ya televisheni kwa magoti, nikaipata plagi, nikaishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Picha ikarudi, walisema. Mimi sikuona kitu, nilikuwa na vumbi na nyaya usoni. Verner akasema usiachie, mzee, mshale unakaribia!

Ndipo kengele ikalia. Ukutani.

Kumbe Verner hazimi televisheni yake. Hata siku moja! Anaiacha inapiga kelele ili wezi wadhani yupo, na ili paka asijisikie mpweke. Mpango wangu wote umeuawa na paka.

Lisbeth aliposikia kengele akaruka. Verner akaruka. Nikasikia miguu yao ikitua, vizuri tu. Halafu Verner akasema hee, hapa bado! Skrini ilikuwa bado mwaka wa zamani. Na binti yangu, mwenye akili, mwenye kazi ya ofisini, anayenisimulia vibaya mwaka mzima, akasema Mungu wangu hapana, akapanda kiti mbio mbio, akaruka mara ya pili.

Ule mlio naujua.

Kifundo cha mguu kimeteguka. Kimevimba kama mkate. Verner alileta njegere za kwenye friza lake, na paka akamfuata. Lisbeth alikuwa kwenye kochi, analia na kucheka kwa pamoja. Akasema baba, usiseme kitu. Tafadhali usiseme kitu.

Nikasema kitu. Nikasema kuna chumba kimebaki wazi, binti yangu, kinatazama maegesho ya magari.

Akanitupia keki ya lozi. Kisha akanishika mkono, huu uliovunjika. Akasema sasa nimeelewa ilivyokuwa, baba, mtu haamui, miguu ndiyo inaamua. Akasema Solbakken haitatajwa tena ndani ya nyumba hii. Verner shahidi. Daktari kasema asiendeshe gari wala asikanyage, abaki hapa nimhudumie. Mimi nimhudumie yeye! Nimeshinda kila upande.

Asubuhi hii nilikuwa nachemsha kahawa, nikasimama ghafla katikati ya jikoni.

Mimi sikuruka.

Nilikuwa nyuma ya televisheni, nimeshika plagi. Sikuruka hata kutoka kwenye zulia. Wote wameingia mwaka mpya, Lisbeth kaingia mara mbili, mimi peke yangu niko bado kwenye ule wa zamani. Kahawa ikafurika.

Alhamisi, 2 Januari

Sijamwambia mtu. Natembea nikishika kuta. Ngazi nashuka kwa makalio. Mkate nakata kwa kijiko.

Lisbeth yuko kwenye kochi, mguu juu ya mto. Alimwomba Verner aitengeneze televisheni bila kunishauri. Verner kang'oa king'amuzi, kang'oa waya zote mbili, kachukua waya wa antena wa ukutani, kauchomeka moja kwa moja nyuma ya televisheni. Kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha akarudi kwake, taarifa ya habari ikaanza, akagonga ukuta. Na mimi picha hiyo hapo! Pamoja kabisa! Lisbeth akapiga makofi. Verner akapaza sauti, unaona sasa, mzee mbishi? Ilikuwa boksi, siyo waya!

Nikauchukua ule waya wa antena, nikaukagua vizuri. Nikaelewa yote. Ni mfupi! Haufiki hata mita! Na mimi nilinunua wa mita tano. Picha inatembea mita tano nzima, imebeba rangi, imebeba sauti, lazima ichoke njiani. Ndiyo maana walikuwa wa zambarau. Kwa nini Ulla hakuniambia? Kesho nakwenda kumdai wa analojia, mnene vilevile, ila mfupi kama kidole. King'amuzi nitakirudisha. Televisheni nitaisogeza mpaka igusane nacho. Picha itafika kabla haijatoka.

Verner hajui kitu.

Limebaki lile jambo moja. Siwezi kukaa mwaka mzima nje ya mwaka. Lakini redio hupiga kengele ile ile kila siku saa sita mchana. Kengele ni kengele. Nimerudisha betri. Redio ni analojia, haihesabu. Nimeifungulia kwa sauti ndogo. Nimesogeza kiti kwa ncha za vidole. Lisbeth anakoroma. Ukuta wa Verner kimya, kaenda kununua chakula cha paka.

Naandika nikiwa juu ya kiti. Siogopi. Ni kiti kinachotetemeka.

Kengele imeanza.

Lisbeth amefumbua macho.